Tuuziwe Siti, Si Gari Zima

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Kwa pesa hiyo mtu wa Mbagala anafika chini ya milima ya Uluguru kabla jua halijawa kali, na saa chache baadaye anaweza kuwa Morningside, kule juu Wajerumani walikoacha jengo lao, anautazama mji wote ulivyolala bondeni. Amepanda kwa miguu. Hakukodi chochote. Njiani atanunua ndizi na maji, atamlipa kijana wa kumwongoza, na jioni akipenda atarudi kulala kwake.

Songa mbele kidogo na barabara ya Iringa, hesabu inavurugika. Barabara hiyo kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Yeyote aliyewahi kupanda basi la Iringa, Mbeya, Songea au Tunduma anajua kinachotokea hapo. Watu waliosinzia tangu Chalinze wanazinduka, wa kushoto wanahamia kulia, simu zinatolewa, mtoto anainuliwa dirishani. "Tembo wale! Wale kule, nyuma ya mti!" Mama wa siti za nyuma anauliza kama yule mweusi ni nyumbu au nyati, na hapati jibu kwa sababu hakuna anayejua. Dereva amepunguza mwendo, kwanza kwa matuta, pili kwa sababu ukimgonga mnyama faini yake si ya mchezo. Twiga, pundamilia, swala, ngiri, wote bila kiingilio. Kisha hifadhi inaisha, mji wa Mikumi unaanza, na abiria wanarudi kulala.

Sasa mwambie konda akushushe langoni. Askari wa hifadhi atakupokea vizuri, tena kwa bashasha, maana raia wanaoshuka kwenye basi kuja kutalii ni wachache. Atakutajia kiingilio cha Mtanzania, na utafurahi kwa sababu ni pesa ndogo kuliko nauli iliyokuleta. Halafu atauliza swali moja linalomaliza mazungumzo: "Gari lenu liko wapi?" Kutembea kwa miguu ovyo mle ndani hakuruhusiwi, na ni sawa, simba hawajui uraia. Gari la kukodi kwa siku tuliwahi kutajiwa laki mbili na nusu, na aliyelitaja alikuwa anatuonea huruma.

Nasema hivi: kinachomzuia mtu wa kipato cha kawaida kuiona nchi yake si kiingilio, wala si uvivu. Ni zile kilomita kumi au ishirini za mwisho. Mabasi yetu yanafika karibu na kila mahali panapostahili kuonwa, halafu yanakuacha kando ya lami na begi lako mgongoni. Kuanzia hapo hakuna wa kukuuzia siti. Ukitaka kufika, ukodi gari zima, mashua nzima, pikipiki nzima. Ukishuka Kolo kwenye basi la Dodoma kwenda Babati, uko mbele ya ofisi ya Mambo ya Kale, lakini michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko kilomita kadhaa milimani. Basi limekuleta kwa nauli ya kawaida kabisa. Kipande kilichobaki ndicho kinachokula bajeti.

Kila msimu wa maonesho tunasikia kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii. Anayesema hivyo hajawahi kutafuta tiketi ya Moshi wiki moja kabla ya Krismasi. Hajawahi pia kuona Simba au Yanga zikienda kucheza Mbeya. Tawi moja la mashabiki linakodi Coaster, kila mtu anatoa chake, majina yanaandikwa, wanaondoka usiku na ngoma na vuvuzela, wanafika asubuhi, wanaoga kwenye choo cha kulipia cha stendi, wanatazama mpira na kugeuza. Zaidi ya kilomita 800 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa dakika 90. Kwaya za makanisani zinafanya hivyohivyo, watu wa maulidi vilevile, na msiba nao unaweza kuhamisha nusu ya mtaa kwenda Bukoba kwa siku mbili. Hawa wote hawakukosa utamaduni wa safari. Walipata siti.

Na si jambo la jana. Misafara iliyotoka Bagamoyo karne ya 19 kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na kirangozi wake mbele, na posho ikigawiwa kwa hesabu, tena kwa vipande vya kitambaa, si kwa fedha taslimu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani wenyewe kuhusu walikokwenda na walichokiona. Mmojawao, Salim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia akarudi kusimulia. Misafara ya zama hizo ilibeba pia mambo ya aibu, meno ya tembo na watumwa, na siitamani. Lakini ile kanuni ya kwenda wengi, na mmoja ashike hesabu, ndiyo hadi leo inayomwezesha mwalimu wa shule ya msingi kufika Ziwa Nyasa.

Kundi letu ni la watu watano, wakati mwingine saba. Mwalimu wa hisabati, nesi, fundi simu, kijana anayesoma sheria, na mimi ambaye kazi yangu wenzangu wanasema ni kuuliza maswali na kuandika majibu vibaya. Nesi ndiye mweka hazina. Wiki mbili kabla ya safari kila mtu anamtumia kiasi kilekile kwenye simu, na asiyetuma anabaki, hata kama ni yeye aliyependekeza safari. Tukishaondoka hakuna anayetoa pochi. Nauli analipa yeye, chakula analipa yeye, chumba analipa yeye. Ana daftari la mistari, la watoto wa shule, na humo kila kitu kinaingia: "Maji katoni 1. Nauli Mbeya–Tukuyu x5. Maandazi. Choo x5." Choo kinaandikwa kwa sababu stendi zetu zinatoza, na watu watano kwa siku kadhaa ni pesa inayoonekana. Usiku kabla ya kulala anasoma kwa sauti kama katibu wa kijiji anaposoma mapato na matumizi.

"Dada, hii elfu tatu ya mengineyo ni nini?" aliuliza mwalimu usiku mmoja.

"Ni dawa ya kuhara. Nitaje na mgonjwa?"

Hakuna aliyetaka mgonjwa atajwe.

Ziko sheria zilizotokana na ugomvi. Soda inatoka kwenye mfuko wa pamoja, bia haitoki, mnywaji ajilipie. Picha za mwenzako akiwa amelala na mdomo wazi kwenye basi haziendi kwenye kundi la simu bila idhini yake. Na kubwa kuliko zote: kiasi cha kuchanga kinapangwa na mwenye kipato kidogo kuliko wote. Hapo ndipo makundi mengi yanapovunjika. Mwenye mshahara mzuri anataka chumba chenye kiyoyozi, anasema atawaongezea wenzake, na kweli anawaongezea. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayeamua saa ya kuamka. Nimeona urafiki wa tangu sekondari ukifa kwa ukarimu wa namna hiyo. Akitaka kutoa zaidi, atoe safari ikishakwisha.

Kuchanga hatujashindwa, hilo tulijue. Kadi ya harusi ya mtu mmoja, kadi ya wawili, kitchen party, send-off, ubatizo: mtu wa mjini mwenye jamaa wengi anaweza kutoa laki kadhaa kwa mwaka ili akae ukumbini saa nne akimsubiri bwana harusi aliyechelewa. Simu inaita, mwenyekiti wa kamati anakumbusha, unatoa. Pesa za kufika Lushoto, kulala usiku mbili na kurudi zipo humohumo. Sisemi watu wasichangie harusi, nina ndugu nao wanasoma gazeti hili. Nasema tu kwamba nidhamu ya kamati tunayo, tena kali, na tumeitumia kwa wali na pilau pekee.

Mahali pa kulala pana mambo yake, na hapa naomba niseme taratibu.

Gesti ya mji mdogo wa Tanzania ni jambo la kushukuru. Shilingi elfu kumi na tano hadi ishirini na tano, unapata kitanda, neti yenye tundu lililofungwa fundo, kipande cha sabuni, taulo, na kandambili mbili ambazo mara nyingi zote ni za mguu wa kulia. Mapokezi kuna daftari kubwa la wageni, lenye safu za kuchorwa kwa rula: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Fundi simu wetu hujaza "mkulima" kila tunakofika. Anasema ukiandika fundi simu utaletewa simu tatu kabla hujavua viatu. Mwanafunzi wa sheria hubishana kila mara kuhusu safu ya kabila, mhudumu humsikiliza kwa adabu, kisha humwambia, "Kaka, jaza tu, wenye kitabu chao ndio wanataka."

Shida yetu iko kwenye karatasi nyingine, ile iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mwanamume na mwanamume, au mwanamke na mwanamke, hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Si gesti zote zina sharti hilo, lakini ni nyingi kiasi kwamba ukipanga safari lazima ulihesabu. Ukiuliza sababu unaambiwa maadili. Wakati huo huo kijana na binti walioshushwa na bodaboda dakika tano zilizopita wamekabidhiwa ufunguo na hakuna aliyewauliza habari za ndoa. Marafiki watano, wawili kati yao waliowahi kulala kitanda kimoja cha juu na chini miaka minne ya bweni, wanalipia vyumba vitano. Kwa elfu ishirini kila kimoja hiyo ni laki moja kwa usiku, na tungekuwa na vyumba vya vitanda viwili viwili ingekuwa zaidi kidogo ya nusu. Mwenye gesti anaona amelinda heshima ya nyumba yake. Ninavyoona mimi amewafukuza wateja wa siku tatu akabaki na wateja wa saa moja. Atazame vitambulisho, aandike namba, basi.

Ndiyo maana siku hizi tunatafuta kwanza hosteli za misheni, za Wakatoliki au za Walutheri, haijalishi dini ya nani. Vitanda viwili chumba kimoja, shuka zimepigwa pasi, chai asubuhi, na geti linalofungwa mapema kiasi cha kumaliza mjadala wa bia. Nesi wetu ni Muislamu wa Tanga na ndiye mwenye orodha ndefu kuliko wote ya masista anaowapigia simu.

Nyumba ya ndugu ni bure, ila bure yake ina bei. Tulifikia kwa shangazi wa mwalimu, Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini. Tulikwenda na sukari kilo mbili na kitenge, tukidhani tutalala na kuondoka alfajiri. Kuku alichinjwa. Majirani waliitwa watuone. Mwalimu alipoaga usiku ili tuondoke mapema, shangazi alishangaa kweli. "Kesho si Jumapili? Wanangu, mnaondokaje bila kwenda kusali?" Tulikwenda kusali, na waliokuwa si wa kanisa hilo wakakaa uani kumenya ndizi. Siku moja ikakatika hivyo. Mweka hazina aliandika sifuri kwenye safu ya malazi, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, "siku 1".

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, kuna njia nyingine ya kuokoa chumba: unalala barabarani. Siipendi. Kuchimba dawa saa nane usiku porini, huku dereva akipiga honi, si jambo la kuandikia wimbo. Lakini vijana wanaipenda, na kwa bajeti haina mpinzani.

Nyanda za Juu Kusini ndiko ninakomshauri mtu aanzie, kwa sababu huko kuna mengi ya kuona kwa mguu na kwa Coaster. Kutoka Mbeya kwenda Tukuyu barabara inapanda kwenye migomba na chai. Ziwa Ngosi, lililojaa ndani ya shimo la volkano, linafikiwa kwa kushuka njiani na kupanda msituni kwa miguu. Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, mwamba uliojengwa na lava iliyopoa, nalo haliko mbali sana na barabara. "Haliko mbali sana" ndio msemo wa kuogopwa na msafiri. Aliye hapo kukusaidia ni dereva wa bodaboda peke yake, na ndiye pekee katika sekta nzima ya utalii anayeuza kwa kichwa. Shida ni kwamba kwa bei yake mtu anashawishika kupanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja kwenye utelezi wa Rungwe. Nesi anakataa. Ameshona watu wengi mno waliosema ni hapo tu.

Kwenye maporomoko fulani, ambayo sitayataja, tulilipa mara tatu. Kijana aliyetusindikiza alitaka chake, na alistahili. Mzee aliyesema njia inapita shambani kwake alitaka chake. Tukiwa tumeshalowa na tunarudi, akatokea mtu wa tatu na kitabu cha stakabadhi kisicho na mhuri. Hakuna aliyetutishia, wote walikuwa wapole, na jumla yake haikuwa kubwa. Lakini mgeni wa bei ndogo anaweza kuvumilia kila kitu isipokuwa bei asiyoijua mapema, kwa kuwa pesa yake imeshagawiwa hadi shilingi ya choo. Ubao mmoja wa mbao, wenye ada ya kijiji na jina la mtendaji, ungetosha.

Ukishuka zaidi unafika Kyela, joto linarudi, na kando ya barabara utaona kakao imeanikwa juani kwenye mikeka, inanuka uchachu kama togwa iliyosahaulika. Mtu aliyekula wali wa Kyela kwa mama lishe wa palepale, na samaki wa ziwani wa kukaanga pembeni, hatakubali tena kudanganywa na mifuko ya Dar iliyoandikwa jina hilo. Kisha Matema, mahali ambapo milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa na mchanga ni wa kukaa kutwa. Jumamosi kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavileta kutoka upande wa Ikombe kwa mitumbwi, vimepangwa na kufungwa kwa nyasi visigongane, vimesuguliwa mpaka vinang'aa wekundu wa udongo. Wachuuzi wanavinunua na kuvipandisha kwenye magari ya Kyela, na kila tenga linalipiwa nauli yake. Nilisimama pale nikacheka peke yangu: chungu cha Ikombe kina siti ya uhakika kuliko mtalii wa ndani.

Kitulo ni ushahidi mwingine. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005, iko kwenye uwanda wa mita kama 2,600 juu ya bahari, na wakati wa mvua inafunikwa na maua, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu zamani kabla ya kuja vibao. Mle unaruhusiwa kutembea. Na kwa kuwa watu wa Matamba wanahitaji kwenda sokoni, kuna magari ya abiria yanayopanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba, na kona zake ni idadi hiyohiyo. Utabanwa kati ya gunia la mbolea na bibi mwenye kuku, utafumba macho kwenye kona ya thelathini, lakini utafika kwa nauli ya mwanakijiji. Chukua sweta. Watu wanasikia nchi ya joto wanabeba fulana mbili, halafu Njombe au Lushoto mwezi wa saba inawafundisha adabu.

Udzungwa ndiko mambo yalikokaa sawa kuliko kote. Basi la Ifakara linakushusha Mang'ula, na lango la hifadhi liko kando ya barabara hiyohiyo. Hakuna anayeuliza gari, kwa sababu hifadhi nzima ni ya kutembea. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, gharama yake mnagawana, mnapanda kwenda maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa kuzungumza kidogo. Alisimama ghafla, akainua kidole, tukasikia matawi yakivunjika juu, na kundi la mbega wekundu likapita, mmoja akiruka na mtoto tumboni. Baadaye alituambia kwamba ndani ya msitu huohuo kuna nyani wa Sanje ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu, ingawa watu wa vijijini walikuwa wanawafahamu siku zote na wana jina lao. Siku ile ilitugharimu, kila mtu, chini ya anachotumia mtu wa Dar Jumamosi moja ufukweni.

Kwa hiyo inawezekana. Kinachotakiwa ni kuipeleka hali ya Mang'ula mahali pengine, na haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Pale lango la Mikumi, Jumamosi na Jumapili, liwekwe gari la siti 25 linaloingia saa 12 asubuhi na kurudia saa 10 jioni, siti zikiuzwa moja moja, na saa zake zioanishwe na treni inayofika Morogoro. Kama gari la watu watano ni laki mbili na nusu, hilo kubwa hata likigharimu mara mbili ni elfu ishirini kwa kila mtu, badala ya elfu hamsini. Shirika la Wanyamapori la Kenya liliwahi kuendesha basi la mwisho wa wiki lililowachukua watu wa Nairobi na kuwaingiza katika hifadhi ya mji wao. Si jambo la kubuni upya. Huku kwetu hufanyika safari za sikukuu, mabasi yakapambwa, picha zikapigwa. Sikukuu ikipita, siti zinapotea.

Kilwa nako kunahitaji jambo dogo tu. Kisiwa alichokitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, chenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kiko ng'ambo tu ya Kilwa Masoko. Watu wa kisiwani wanavuka kila siku kwa mashua za abiria, kwa nauli ndogo, na ndoo zao na watoto wao. Mgeni akifika gatini anaambiwa akodi mashua nzima. Akate kibali chake ofisini, alipe kiingilio, kisha aachwe apande na wenzake. Atajifunza mengi zaidi akiwa amebanwa na wenye kisiwa kuliko akiwa peke yake kwenye tanga.

Filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022 ililenga kuwavuta wageni wa mbali, na wageni wamekuja: mwaka 2024 watalii kutoka nje walipita milioni mbili. Dola zao zinalipa mishahara ya askari wa wanyamapori na zinachimba visima. Sina ugomvi nao. Ila kila kitu kinachojengwa sasa, barabara za ndani, kambi, bei, vipeperushi, kinamfikiria mtu anayetua kwa ndege na kupokewa na gari lenye jina lake kwenye karatasi. Hakuna aliyekaa mezani akamfikiria mtu anayeshuka kwenye basi la Mbeya saa tano asubuhi na begi mgongoni na marafiki wanne.

Wenye magari ya utalii niliozungumza nao hawalipendi wazo la siti. Wanasema litaua biashara, kwamba wakiona siti inauzwa elfu ishirini hakuna atakayekodi gari. Nimewaelewa, wana mikopo ya benki na matairi ya kubadili. Lakini mzungu aliyelipia safari yake tangu Ulaya hatapanda gari la siti 25 la saa 12 asubuhi, na mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye familia yake atataka faragha kama kawaida. Atakayepanda ni yule mwalimu wa hisabati, ambaye miaka yote ameiona Mikumi kupitia dirisha la basi, na ambaye hajawahi kuwa mteja wao hata siku moja.